Maksi za Huruma

Siku Nyamizi alipopata maksi mbili kati ya kumi katika Huruma, mama yake alidhani ni hesabu. Kalunde alisimama uani na ile karatasi ya maendeleo, akaisoma tena huku kidole kikipita chini ya kila neno, maana yeye aliishia darasa la nne na maneno marefu humchukua muda. Hesabu ilikuwa tisa. Kiswahili tisa. Sayansi nane. Kisha, chini ya mstari uliopigwa kwa wino mwekundu, zilifuata safu ambazo enzi zake hazikuwepo: Kujitambua, tano. Kujizuia, tatu. Huruma, mbili.

"Huruma nayo inasomwa siku hizi?" aliuliza.

"Inasomwa, mama. Jumanne na Alhamisi, kabla ya mapumziko."

"Na mwalimu anaifundishaje?"

"Anaandika ubaoni, tunanakili," alisema Nyamizi. "Asiyenakili anachapwa."

Ndivyo mambo yalivyokuwa miaka ile ya kila kitu huria. Viwanda vya serikali vilifungwa, maduka yakafunguliwa. Kariakoo ungeweza kununua suruali iliyokwisha kuvaliwa na Mjerumani, na redio ambayo hata aliyeiunda hakutaka kuandika jina lake. Haikuwa ajabu basi kwamba hisia nazo ziliingia nchini, zimefungashwa vizuri, pamoja na mfadhili wake. Wataalamu walijifungia kwenye hoteli ya ufukweni, wakanywa maji ya chupa, wakatoka na kijitabu chenye jalada la kijani: Rasimu ya Viwango vya Stadi za Kijamii na Kihisia kwa Shule za Msingi. Kabla ya hapo watoto wa mjini walikuwa wakihurumiana kiholela tu, bila mwongozo.

Shule ya kina Nyamizi ilichaguliwa iwe ya majaribio. Ililetewa madawati mapya, na mwalimu mkuu akaletewa feni. Lakini lililowafanya wazazi wapige makofi kwenye mkutano ni jambo moja: kila mwanafunzi wa darasa la saba, darasa la Nyamizi, atakayefikia maksi sita katika kila safu, mradi ungemlipia ada ya sekondari mpaka amalize. Kalunde alipiga makofi kuliko wote. Mume wake, Sadalla, alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha nguo mpaka kiwanda kilipopata mwekezaji, na mwekezaji akapata mafundi wengine. Sasa Sadalla alitandika mitumba chini, Mtaa wa Kongo, akikimbia kila mgambo wa jiji walipotokea. Ada ya sekondari alikuwa akiisikia kama watu wanavyosikia habari za Ulaya.

Jioni Sadalla aliporudi alipewa karatasi kabla ya maji ya kuoga.

"Mbili?" alisema. "Mtoto huyu huyu anayemlisha paka wa jirani?"

"Za msibani hizo, baba," alisema Nyamizi. "Zile za Mzee Kibwana."

Sadalla akaketi juu ya furushi lake la suruali. Wote watatu walikuwa wakiukumbuka ule msiba.

*

Mzee Kibwana alikuwa mlinzi wa shule na mpiga kengele. Alikuwa Mzaramo, na aliishi chumba cha mbele kwenye nyumba ile ile waliyopanga kina Sadalla, nyumba ya dada yake, Bi Mwanamvua. Alivuta mguu wa kushoto, alivaa koti zito la askari hata Januari, na mwanafunzi aliyechelewa alimpokea getini kwa maneno yale yale: "Umechelewa! Rudi ukazaliwe upya!"

Kina Sadalla ni Wanyamwezi wa Tabora. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, jambo ambalo halihitaji semina. Tangu enzi za misafara wanatukanana kwenye furaha na wanazikana kwenye shida, na mtani asiyetania msibani ni sawa na mtu aliyekuja kwenye mazishi na kurudi bila kushika jembe. Kazi hiyo katika ukoo wao ilikuwa ya mama yake Sadalla. Bibi huyo alipofariki, kila mtu alitazamia ingerithiwa na mkwewe Kalunde. Lakini Kalunde ni mtu wa haya. Hata muuza nyanya akimkosea chenji hunyamaza, akaenda kulalamika nyumbani. Aliyerithi akawa Nyamizi.

Basi siku ya maziko, mwili ukiwa bado ndani na Bi Mwanamvua amekaa kama gogo, hajalia wala hajanena tangu alfajiri, Nyamizi alivaa koti la marehemu, akauvuta mguu mpaka mlangoni na kupiga kelele: "Mzee Kibwana! Amka! Leo umechelewa wewe! Rudi ukazaliwe upya!" Uani pote watu waliangua kicheko. Bi Mwanamvua alicheka mpaka akashika mbavu, kisha kicheko kikageuka kilio, kilio kikubwa, akalia vizuri kama inavyopasa, na wanawake wakashusha pumzi.

Bahati mbaya siku hiyo shule ilikuwa imeleta wanafunzi kutoa rambirambi. Pamoja nao alikuja Bwana Theophil, mtaalamu wa mradi, na kalamu yake.

*

Kalunde alienda shuleni amevaa kitenge cha sikukuu. Njiani alikuwa ameyapanga maneno yote vizuri. Alipofika ofisini, yakapotea.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama. Karibu, keti," alisema Mwalimu Pius, mwalimu mkuu, chini ya feni yake. Kiti kilikuwa kimoja, na Bwana Theophil alikuwa amekikalia. Kalunde akabaki amesimama.

"Nimekuja kwa ajili ya... ile huruma," alisema.

Bwana Theophil aliweka mkono kifuani. Alikuwa kijana mpole, mwenye tai, aliyetoka jasho jingi na hakumchukia mtu yeyote. "Nakusikia, mama. Nakusikia kabisa."

"Sijasema bado, baba."

"Nakusikia hata hivyo." Akafungua kile kijitabu cha kijani. "Mtoto wako ana akili. Lakini mbele ya mfiwa alidhihaki marehemu, akaiga ulemavu wake, akasababisha umati kucheka. Kwenye viwango vyetu hilo liko kundi la uonevu. Mbili nilimpa kwa sababu alikuja amechana nywele."

"Ni utani, baba. Sisi ni Wanyamwezi, na wao..." Akamtazama Mwalimu Pius.

Mwalimu Pius ni Mngoni wa Songea. Baba yake alipozikwa, Wahehe walilikalia jeneza wakakataa kushuka mpaka wapewe kitoweo, na yeye mwenyewe hupenda kuisimulia hadithi hiyo kila akipata soda ya bure. Sasa aligundua kwamba kuna kitu cha maana sana dirishani.

"Mwalimu, si unajua utani wewe?" Kalunde alijikaza.

"Mambo ya utani, mama..." alisema Mwalimu Pius kwa dirisha, "...ni mapana."

"Utani tuliujadili," alisema Bwana Theophil kwa upole. "Siku ya pili ya semina, baada ya chakula cha mchana. Haukupata nafasi. Lakini usikate tamaa, mama. Tutafanya kipimo cha mwisho katika mazingira halisi. Arobaini ya marehemu si Jumamosi ijayo? Wanafunzi watakwenda, nami nitakuwepo. Nyamizi akionyesha huruma inayofikia kiwango, maksi zake zitapanda. Mfanyishe mazoezi. Kioo kinasaidia sana."

"Kioo?"

"Ajitazame uso. Huzuni, mshangao, furaha. Kila mwanafunzi anatakiwa awe nacho."

Kalunde akashukuru. Alipofika barabarani ndipo maneno yake yote yakamrudia, mazuri, yamepangika, ila hakukuwa na wa kumwambia isipokuwa mkokoteni wa viazi.

*

Dukani kwa Yogesh vioo vidogo vya mkononi vilikuwa vimehamishwa kutoka rafu ya nyuma hadi kaunta, karibu na biskuti.

"Mama Nyamizi! Karibu. Kioo cha huruma?" alisema Yogesh.

"Umejuaje?"

"Darasa zima limepita hapa. Zamani nauza hiki kwa kinyozi tu. Sasa kimepanda kidogo."

"Kidogo hiki? Mara mbili hii, Yogesh!"

"Soko huria, mama. Mimi nifanye nini? Mtoto wangu Tanvi mwenyewe anafanya mazoezi nyumbani. Jana bibi yake ameanguka ngazini, yeye anamwambia, 'Hisia zako ni halali.' Bibi anamwambia, 'Niinue, mjinga we!'"

Kalunde akacheka, akafunika mdomo kwa kanga, akalipa.

Kuanzia siku hiyo chumba chao kiligeuka chuo. Nyamizi aliketi kitandani na kioo, Kalunde akasimama mbele yake kama mfiwa.

"Pole sana," Nyamizi alisema, mkono kifuani. "Naona unahisi huzuni. Hisia zako ni halali. Je, ungependa kuzizungumzia?"

"Usitikise miguu."

"Mama, mfiwa akisema anataka kuzizungumzia, nifanyeje?"

Wakalitafuta hilo kwenye daftari. Halikuwemo.

Mtoto ana akili, kama alivyosema mtaalamu, na baada ya siku chache alikuwa ameiva. Uso ulimtulia kama wa mtangazaji wa televisheni. Kalunde alimkataza pia kwenda chumbani kwa Bi Mwanamvua, asije akasahau masomo. Kila asubuhi wakati wakipishana bombani, bi mkubwa huyo aliuliza, "Mpagazi wangu yuko wapi? Mbona hajaja kunitukana? Nyumba imepoa hii." Na Kalunde alijibu, "Anasoma, Bi Mwanamvua." Kisha akaondoka haraka na ndoo isiyojaa.

"Basi namngoja arobaini," alisema Bi Mwanamvua. "Siku hiyo hana pa kukimbilia."

Ijumaa Sadalla alirudi mapema, mikono mitupu. Mgambo walikuwa wamebeba furushi lote, na mmoja wao, kabla hajapanda gari, alikuwa amejipima suruali moja mbele ya watu na kuuliza kama inamkaa. Sadalla alilisimulia hilo bila kutazama mtu. Zamani, kwenye saa kama hiyo, Nyamizi angesema: "Shukuru Mungu, baba, uliyovaa hawakuiona." Baba yake angemtupia kandambili, wote wangecheka, na chai ingeshuka. Kalunde aliona jinsi mume wake alivyoinua macho, akiingoja.

Nyamizi aliweka mkono kifuani.

"Pole sana, baba. Naona unahisi huzuni na hasira. Hisia zako ni halali. Je, ungependa kuzizungumzia?"

Sadalla alimtazama mtoto, kisha mama yake.

"Ningependa kula," alisema.

Akala akiwa amewapa mgongo.

*

Arobaini ilisomwa baada ya adhuhuri. Uani palitandikwa mikeka, masufuria ya pilau yakapangwa kando ya choo kwa kukosa nafasi, na karibu na mlango, kama ilivyo ada, viliwekwa vitu vya marehemu vitakavyogawiwa: koti la askari, tochi isiyo na betri, na baiskeli yake aina ya Phoenix, iliyosuguliwa mpaka inang'aa. Wanafunzi walijipanga ukutani pamoja na Mwalimu Pius. Bwana Theophil alifika dua ikiwa imekwisha, akaomba radhi, akapewa kiti, akafungua ukurasa mpya.

Bi Mwanamvua alikaa mkekani peke yake. Dua nzima alikuwa akitupia macho upande wa wanafunzi.

Nyamizi akatoka mstarini. Uani pakasogeasogea, watu wakaanza kutabasamu mapema, kijana mmoja akamsukuma mwenzake: "Kaa vizuri, mtani huyo." Nyamizi alipiga magoti mbele ya Bi Mwanamvua, akaweka mkono kifuani.

"Pole sana, Bi Mwanamvua. Naona unahisi huzuni. Hisia zako ni halali. Je, ungependa kuzizungumzia?"

Kalamu ya Bwana Theophil ikaanza kukimbia. Alikuwa akitikisa kichwa kwa furaha.

Bi Mwanamvua alimtazama mtoto kama unavyomtazama mtu aliyebisha hodi akakosea nyumba.

"Ahsante, mwanangu," alisema.

Tangu Nyamizi azaliwe, bi mkubwa huyu hajawahi kumwita mwanangu. Alimwita mpagazi, mtumwa, mla kumbikumbi asiye na mbawa, na siku alipopasi mtihani wa darasa la nne alimwita mwizi wa maksi. Sasa alijifunika kanga kichwani, akainama, na mabega yake yakatulia vile vile yalivyotulia alfajiri ile kabla ya maziko.

Kalunde alikuwa amesimama na sinia la pilau. Aliiona ile kanga ikishuka. Alimwona pia mtaalamu akiandika, na hakuhitaji kusoma ili ajue ni maksi nzuri. Ada ilikuwa imekwisha kupatikana. Kilichobaki ilikuwa kugawa chakula tu.

Akaliweka sinia chini. Akalichukua koti la Mzee Kibwana, akalivaa juu ya kitenge, na mikono ya koti ikamfika magotini.

"Mzee Kibwana," alisema. Sauti ilitoka nyembamba kama ya kuku mgonjwa. "Mzee Kibwana alikuwa... mvivu."

Mtu alikohoa.

"Mvivu sana," aliongeza Kalunde. "Nimekuja kuchukua baiskeli yake."

"Nani huyo?" iliuliza sauti kutoka chini ya kanga.

"Mimi, Bi Mwanamvua. Mama Nyamizi. Samahani."

"Mtani anaomba samahani!" mtu wa nyuma alisema kwa uchungu kabisa. "Dunia imekwisha!"

Kalunde alitamani ardhi impasukie. Lakini alikuwa amekwisha kuvaa koti, na hakujua linavuliwaje mbele za watu. Akaishika baiskeli kwa mpini, akaanza kutembea kuelekea mlangoni akiuvuta mguu, jasho likimtoka, baiskeli ikimgonga ugoko.

Pale ukutani, alikokuwa amerudi mstarini, uso wa Nyamizi ulikuwa bado umetulia. Alivumilia sauti. Alivumilia samahani. Alitazama ule mguu, akatazama kalamu ya mtaalamu, akautazama tena mguu.

"Mama!" alifoka. "Siyo huo! Ni wa kushoto!"

Akaruka mikeka, akamvua mama yake koti, akalivaa, akauvuta mguu wa kushoto kama ulivyostahili kuvutwa, na akasimama mbele ya Bwana Theophil kidole kikiwa puani pake.

"Wewe! Dua imekwisha ndiyo unafika? Umechelewa! Rudi ukazaliwe upya!"

Uani palilipuka. Mwalimu Pius, aliyekuwa ameamua kutokuwa na kabila siku hiyo, alicheka akamwaga soda. Nyamizi akampokonya mama yake baiskeli. Kanga ya Bi Mwanamvua ilikuwa mabegani tena.

"Mwizi!" alipiga kelele. "Iache baiskeli ya kaka yangu, mpagazi we! Babu zako walibebeshwa pembe za ndovu, wewe unajibebea vya marehemu!"

"Siiachi! Kaka yako alikuwa analindia usingizi, siyo shule! Hii ndiyo mishahara aliyotuibia! Ikomboe!"

"Sina hela!"

"Wazaramo lini mlikuwa na hela? Mlizicheza ngoma zote!"

Bi Mwanamvua alicheka mpaka akalala ubavu. Kisha akalia. Alilia kwa sauti, akimtaja kaka yake kwa jina la utotoni ambalo hakuna mpangaji aliyekuwa akilijua, na Nyamizi, ndani ya koti lile, akamkumbatia, naye akalia. Bwana Theophil alitazama kijitabu chake, akafungua kurasa mbili tatu, akakifunga, kisha akakifungua tena na kuandika, maana hiyo ndiyo kazi aliyotumwa.

Utani ulipofikia tamati, mzee mmoja wa ukoo alisogea. "Mwanamvua, toa hata shilingi mia umkomboe mtani. Ndiyo kawaida."

Bi Mwanamvua alifuta pua. "Sikomboi."

"Baiskeli nzima, dada?"

"Siku zote hizi mlikuwa mnakuja hapa na pole zenu, nazisikia kama mvua juu ya bati. Nimesema sikomboi. Aende nayo, mwizi huyo."

*

Karatasi ya mwisho ilikuja baada ya wiki moja. Kujitambua, nne. Kujizuia, moja. Huruma, moja. Kwenye nafasi ya maoni Bwana Theophil aliandika kwa mwandiko mzuri kwamba mazingira ya nyumbani, hususan mama, yanachangia.

Kalunde aliisoma uani kwa kidole. Safari hii maneno marefu hayakumpa shida. Akaipeleka chumbani kwa Bi Mwanamvua, Nyamizi akamsomea kwa sauti.

"Moja?" alisema Bi Mwanamvua. "Si mwanzo ulikuwa na mbili? Unazidi kuharibika, mtumwa we."

Wanafunzi tisa walifikia kiwango, akiwemo Tanvi, na picha yao ilipigwa wakiwa wameshika vioo. Mradi ukalipa ada muhula mmoja, kisha mfadhili akahamia kwenye mazingira, na vile vijitabu vya kijani vikafungiwa karanga Kariakoo nzima. Yogesh akarudisha vioo rafu ya nyuma.

Nyamizi alifaulu mtihani wa taifa. Siku ya kuripoti ilipokaribia, Sadalla aliiweka baiskeli begani, hakuipanda, akaipeleka sokoni. Ilitosha ada ya muhula wa kwanza, na viatu. Ya muhula wa pili hakuna aliyeijua itatoka wapi, na Sadalla alisema ataifikiria akiwa anakimbia mgambo, maana ndipo akili yake hufanya kazi vizuri.

Lakini kabla baiskeli haijatoka, Nyamizi alikuwa amefungua kengele yake kwa kisu cha jikoni, akamwachia Bi Mwanamvua dirishani.

Asubuhi ya kwanza ya sekondari alitoka chumbani amevaa sketi mpya, mapema kuliko watu wote wa mtaa ule. Kalunde alikuwa bombani. Mtoto alikuwa bado hajavuka kizingiti pale kengele ilipolia kutoka dirisha la mbele, kwa nguvu, mfululizo, mpaka mbwa wakaitikia.

"Umechelewa!" alipiga kelele Bi Mwanamvua. "Rudi ukazaliwe upya!"

"Lala, ajuza we!" mtu alijibu kutoka uani. "Mngekuwa mnaamka mapema hivyo, Wazaramo, mji huu ungekuwa wenu!"

Nyamizi aligeuka kutazama nani kasema. Mama yake alikuwa ameinamia ndoo, kanga mdomoni, mabega yakitikisika.